Siku Mama Halimo Alipogoma Kuapa

Nyinyi mabinti wawili mlioanza kazi mahakamani mwaka huu mmeniomba niwaandikie nilivyofanya kazi ile mpaka nikastaafu. Nimekubali kwa sharti moja: naandika Kiswahili, ili nikiwasema wakubwa wenu wasijue. Vyeo sivitaji, maana sikuwa navyo. Mshahara nao siutaji, maana nikiutaja mtaacha kazi. Nitawaambia mambo ya maana, kama namna ya kuita jina la mtu asiaibike, namna ya kubeba jagi la maji ukiwa umevaa joho, na habari ya bibi mmoja aliyegoma kuapa mbele yetu sote akatutia jasho.

Na kabla hamjafungua midomo: ndiyo, mahakama ya familia ni ya faragha. Kwa hiyo majina nimeyabadili, mitaa nimeihamisha, na mtu akijitambua humu basi ajue amejipendelea.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini wengine watakaosoma hawaijui. Mhudumu wa mahakama ndiye yule wa joho jeusi anayebandika orodha ya kesi mlangoni, anayewaita watu waingie, anayewaambia wasimame jaji anapoingia, na anayewaapisha mashahidi. Pia ndiye ambaye kila mtu humwuliza kesi itaisha saa ngapi. Hajui. Jaji mwenyewe hajui.

Mimi nilitoka Unguja, nikakaa London kidogo, kisha nikashuka kituo cha mabasi cha Digbeth, hapa Birmingham, na begi moja na koti ambalo lilikuwa zuri kwa picha tu, kwa baridi halikuwa na msaada. Nilifanya kazi za hapa na pale mpaka siku moja nikaona tangazo kwamba mahakama inataka watu wenye sauti na subira. Sauti ninayo. Subira nikasema nitajifunza hukohuko.

Siku ya kwanza nilipewa joho lililoshonwa kwa mwanamume mrefu. Nikalivaa juu ya baibui, ushungi kichwani, nikawa mweusi kuanzia utosini hadi unyayoni. Nilikuwa mhudumu wa kwanza wa ushungi katika jengo lile, na watu walinitazama kama wanaotazama pazia linalotembea. Nikapiga hatua kumfungulia jaji mlango, nikakanyaga pindo, nikaingia chumba cha mahakama kwa magoti. Watu walikuwa wamesimama kumheshimu jaji. Wakadhani ndiyo taratibu mpya, mmoja akaanza kuinama.

Aliyeniinua ni Bernard, mzee wa Kiingereza aliyekuwa mhudumu pale tangu rangi ya kuta ikiwa mpya. "All right, bab?" akaniuliza, kama watu wa Birmingham wanavyomwita yeyote wasiyemchukia. Kisha akaenda kuchukua pini, akanipandishia pindo kwa mikono yake, akiwa amepiga goti kwenye korido, mbele ya mawakili. Tangu siku hiyo alikuwa mwalimu wangu.

Bernard alinifundisha mengi. Mume na mke wanaogombana usiwapandishe lifti moja, hata wakisema wamepatana. Karatasi za kufutia machozi ziwekwe pande zote mbili, kwa sababu anayeshinda naye hulia. Jina usilolijua, mwulize mwenyewe pembeni kabla hujalipigia kelele kwenye korido. Yeye hilo la mwisho alilifundisha vizuri ila hakulifuata. Akilisoma jina la Kisomali, ukoo mzima ulikuwa unatoka makaburini. Na kubwa kuliko yote: usimshauri mtu. Kamwe. Mpe maji, mwonyeshe choo, mwambie pole ya hali ya hewa. Ushauri waachie wanaolipwa kuukosea.

Kulikuwa na rafu ya vitabu vya kuapia, na hapo ndipo Bernard aliponishangaza. Msahafu aliuweka rafu ya juu kabisa, umefungwa kitambaa. Alinionyesha jinsi ya kuushika ndani ya kitambaa, kwa mkono wa kulia, na kumwuliza shahidi kwa adabu kama angependa kwanza kwenda kutawadha. Mimi, niliyesoma chuo kwa Maalim tangu sijatoka meno ya mbele, nafundishwa adabu ya Msahafu na mzee wa Kiingereza ambaye Jumamosi yake yote ni mpira na bia! Nilimsikiliza kwa heshima. Hakukosea kitu.

Kosa lilikuwa kitambaa. Kilikuwa cha kufutia vyombo, kipya lakini cha kufutia vyombo. Nikamwambia hiki hapana. Tukaenda naye mtaa wa Alum Rock kununua mahameli ya kijani, na Bernard akataka kulipa bei ya kwanza aliyotajiwa. Nikamkanyaga mguu. Tulirudi na mahameli, nyuzi, na sambusa ambazo alikula ndani ya basi huku machozi ya pilipili yakimtoka, akikataa katakata kwamba analia.

Baadaye ndio akaja Jaji Claudette. Wazazi wake walitoka Jamaika, yeye kazaliwa mtaa wa Handsworth, hapahapa mjini, na alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kupewa kiti cha kudumu katika jengo letu. Katika korido ya majaji kulikuwa na picha za watangulizi wake ukutani, wote wanaume, wote wana sura ya mtu aliyekula limau. Asubuhi ya kwanza alifika mapema kabla hajavaa joho. Wakili mmoja mkubwa akaingia na mvua yake, akamwona mwanamke mweusi amesimama karibu na mlango, akamkabidhi koti na mwavuli bila hata kumtazama usoni. Jaji Claudette alivipokea. Akanigeukia mimi, akauliza kwa upole, "Bi Zuhura, kabati la vitu vilivyopotea liko wapi?" Tukavitia humo. Wakili alipomwona kwenye kiti cha enzi akawa anatetea kesi yake kwa sauti ya mtu mwenye homa, na jioni alienda kwao analowa. Hakuthubutu kuulizia koti lake.

Kiti chenyewe kilimsumbua. Kilitengenezwa kwa miguu mirefu, na yake ilikuwa inaning'inia. Bernard akatafuta vitabu vinene vya sheria zilizokwisha futwa, akavifunga kamba, akaviweka chini ya meza viwe kigoda. Jaji akasema hajawahi kuona sheria ikimsaidia mwanamke haraka namna hiyo.

Hukumu yake ya kwanza kusifika katika jengo letu ilikuwa ya sufuria. Mume na mke wa Kitanzania walikuwa wanaachana. Nyumba waligawana, gari waligawana, wakakwama kwenye sufuria kubwa la pilau, lile la kupikia watu mia. Mke alisema ni la mama yake. Mume alisema yeye ndiye aliyelibeba kichwani kutoka uwanja wa ndege. Mawakili walinong'ona kwamba jaji anapotezewa wakati. Jaji Claudette akalitaka sufuria liletwe. Likaletwa, likapita mlango kwa shida, akashuka kulitazama ndani. Akaamua kwamba Idi ndogo likae kwa mke, Idi kubwa kwa mume, na makabidhiano yafanyike kituo cha Digbeth mbele ya watu, sufuria likiwa limesuguliwa. Mawakili walicheka. Wale wawili hawakucheka, walitoka wametulia, na sikuwaona tena mahakamani. Jaji aliniambia baadaye kwamba watu wakigombania sufuria, mara nyingi wanagombania nani ataendelea kualika wageni.

Haya, sasa Mama Halimo.

Mama Halimo alikuwa Msomali aliyezaliwa Garissa na kukulia Eastleigh, Nairobi, mama mtu mzima mwenye mwendo wa taratibu na macho makali. Binti yake alifariki akaacha mtoto wa kike, Ikran, mdogo wa skuli ya msingi. Baba wa mtoto alikuwa na mkono mwepesi wa kupiga, na mahakama ilikwisha mkataza kusogelea nyumba. Bibi alikuwa akimlea mjukuu wake mtaa wa Acocks Green na alitaka amri ya ulezi ili awe naye moja kwa moja. Halmashauri ya mji, ambayo ndiyo inayosimamia usalama wa watoto na jina lake silitaji, ilikuwa karibu kukubali. Halafu jirani akaripoti kwamba amemwona yule baba akiingia nyumbani kwa bibi jioni moja. Kama ni kweli, bibi amevunja sharti la kutomfungulia mlango na amedanganya, na mtoto atapelekwa kwa familia ya kulea katika mji mwingine, kwa watu ambao hajawahi kuwaona. Bibi alisema baba hakukanyaga pale. Basi kesi yote ikawa ni nani wa kusadikiwa.

Jirani alitangulia. Aliapa haraka haraka kama mtu anayekata tiketi huku treni inaondoka. Alikuwa na hakika ya kila kitu, siku, saa, hata rangi ya koti.

Ikafika zamu ya Mama Halimo. Wakili wake alikuwa Bi Farzana, msichana hodari, wa kwanza mwenye ushungi katika ofisi yao ya mawakili, na alikwisha mwambia mteja wake kwamba lazima ashike Msahafu. Mama wa Kiislamu akiukataa watamwonaje? Nikamsogelea na mahameli yangu ya kijani. Pembeni alisimama mkalimani, Bwana Ilunga, Mkongomani. Mkalimani wa Kisomali gari lilikuwa limemharibikia, na Mama Halimo alisema Kiswahili kinamtosha.

Akautazama Msahafu. Akaficha mikono ndani ya shuka yake.

"Hapana," akasema. "Mimi siapi."

Bwana Ilunga akainama. "Mama, ni formalité tu. Unasema ndiyo, inaisha."

"Kwako ni hiyo kitu umesema. Kwangu ni kitabu ya Mungu."

Wakili wa halmashauri akaandika neno kwenye karatasi yake na kulipigia mstari chini, kwa furaha niliyoiona kutoka nilipokuwa. Bi Farzana akafumba macho. Nami nimesimama na Msahafu, mkono unaanza kufa ganzi, na moyoni namwambia: we mama we, apa! Unasema kweli, uso wako wote unasema kweli, apa tumalize! Nilitaka kumfinya.

Jaji Claudette akatuambia tupumzike kidogo.

Kwenye korido Mama Halimo akanishika joho. "Wewe ni Muislamu," akasema. "Dada yangu, niambie nifanye nini. Wakinichukulia huyu mtoto mimi nimekwisha."

Ukweli ni kwamba nilimwelewa kuliko nilivyotaka. Vijana wa Alum Rock wanaapa wallahi kwa ajili ya paketi ya chipsi, lakini kwetu Unguja watu wazima huogopa yamini. Utamkuta mtu amedhulumiwa mchana kweupe, kadhi anamwambia apa upate haki yako, naye anasema mwache aende nacho, mimi namwachia Mungu. Si kwamba anasema uongo. Anaogopa kwamba akikosea hata neno, kiapo kitamrudia, na kisipompata yeye kitampata mwanawe. Haya yote yalinijaa mdomoni, na kanuni ya Bernard ikaufunga. Nilichoweza kusema ni, "Maji, mama?" Nikammiminia. Tuliyatazama yale maji sote wawili.

Tuliporudi, Jaji Claudette hakumwuliza Bi Farzana wala wakili wa halmashauri. Alisogea mbele kwenye kiti, akamtazama Mama Halimo mwenyewe.

"Mama, si lazima uape. Sheria inakuruhusu kuahidi tu kwamba utasema kweli, bila kitabu. Lakini ningependa kujua kinachokuogopesha, kama uko tayari kuniambia."

Mama Halimo akasikiliza tafsiri mpaka mwisho. "Mimi ni mzee," akasema. "Labda niseme ilikuwa Jumanne, kumbe ilikuwa Jumatano. Nikishakuwa nimeapa, hiyo ni uongo kwa jina la Mungu. Na deni yake hailipwi na mimi. Inalipwa na damu yangu. Na damu yangu iliyobaki ni Ikran peke yake. Sasa unataka nimchezee huyo mtoto ndio nimpate?"

Bwana Ilunga alitafsiri polepole, na safari hii hakuweka formalité.

Jaji akasema kwamba kwao Handsworth mama yake alikuwa mtu wa kanisa, na katika nyumba ile mtoto aliyethubutu kuapa alinyimwa chakula, hata kama alichosema ni kweli. "Basi ahidi," akasema. "Unachokikumbuka kiseme. Usichokikumbuka sema hukikumbuki. Sitakukasirikia."

Akaahidi. Nikarudisha Msahafu rafu ya juu.

Wakili wa halmashauri akamwendea kama paka aliyeona samaki. Je, si kweli kwamba amekataa kuapa kwa kuwa anajua anadanganya? Mama Halimo akamwambia, "Kijana wangu, kama ningetaka kudanganya ningeapa kwanza." Wanaume gani waliingia nyumbani jioni hizo? Mmoja tu, mtoto wa dada yake, kuja kutengeneza mashine ya kufulia. Siku gani? Nadhani Jumanne, lakini hilo siwezi kuahidi. Alikuwa na koti gani? Sikumbuki koti, nakumbuka alimwaga maji jikoni kote.

Jaji Claudette akamwita jirani tena. Alikuwa amewahi kukutana na baba wa mtoto? Hapana. Amewahi kuona picha yake? Hapana. Sasa alijuaje ni yeye? Jirani akajikuna. Alimwona, akasema, mwanamume wa Kisomali, mrefu.

Mabinti, katika mji huu ukimtafuta Msomali mrefu utampata kabla hujamaliza kutamka. Bernard, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishikwa na kikohozi cha ghafla akatoka nje. Alinifundisha kwamba mhudumu hacheki, kukohoa hakukukatazwa.

Hukumu ilisomwa alasiri. Jaji Claudette alisema hakuona ushahidi kwamba yule baba alifika pale, na kwamba mtoto abaki kwa bibi yake. Kisha akaongeza maneno ambayo mawakili wachanga bado huyataja kwenye korido zetu. Alisema mahakama yake haitahesabu woga wa kiapo kuwa dalili ya uongo, wala wepesi wa kuapa kuwa dalili ya kweli. Kila mtu apimwe kwa alichokiona na alichokisema. Na akasema angefurahi kama kila anayepanda kizimbani angechelewa kidogo kama Mama Halimo. Si hukumu ya kubadili nchi. Lakini tangu siku ile, shahidi akisita mbele yangu sikumharakisha tena, na nyinyi msimharakishe.

Mama Halimo hakuelewa mara moja. Bwana Ilunga alimwambia, "Mama, mtoto ni wako," halafu yeye ndiye aliyechukua karatasi za kufutia machozi. Bi Farzana alikuwa anacheka na kulia. Mama Halimo alikaa tu, ameshika ukingo wa meza, akisema alhamdulillahi chinichini.

Niliwasindikiza mpaka ukumbi wa chini. Mpwa wake, yule fundi wa mashine ya kufulia, alikuwa amekwenda kumchukua Ikran skuli, na mtoto amekaa kwenye benchi na sare yake, soksi moja imeshuka. Alimwona bibi yake akasimama, lakini hakukimbia. Alikuwa mtoto aliyekwisha ahidiwa mengi na maafisa wenye kadi shingoni.

"Ayeyo," akasema, maana hivyo ndivyo Wasomali wanavyomwita bibi. "Are we going home?"

"Twende nyumbani, mama."

"For good, though? Like, forever?"

"Milele. Hakuna mtu atakuchukua."

Ikran akamtazama usoni, akipima. "Swear down?"

Ndivyo wanavyodai kiapo watoto wa Birmingham, uwanjani, kwa mambo ya kalamu na peremende. Nikaona mabega ya Mama Halimo yametulia, na mikono imetoka ndani ya shuka. Alipiga goti palepale kwenye sakafu ya mahakama, akamshika mtoto mashavu, na hakusita hata kidogo.

"Wallahi," akasema. "Wallahi, Ikran. Wallahi."